Jinsi ya Kutazama Michoro ya Sura za Watu Mombasa

Nenda kwenye maonyesho yoyote ya michoro hapa Mombasa, usimame karibu na sura iliyochorwa vizuri, na utasikia watu wakisema jambo moja: "Wallahi, utadhani ni picha!" Ni sifa ya kweli na mchoraji huipokea kwa furaha. Lakini wengi wakishaisema huondoka. Mchoraji amekaa na uso ule majuma, pengine miezi. Mtazamaji amekaa nao kwa muda wa kuvuta pumzi mbili.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kubaki. Si lazima uwe umesomea sanaa. Unahitaji macho, subira na kujua uulize nini. Nimeuandika kwa sababu michoro ya uhalisia, ile inayomwonyesha mtu au mahali kama jicho linavyowaona, inapendwa sana Pwani, na papo hapo ndiyo inayotazamwa kwa haraka kuliko zote. Mchoro wa mafumbo humlazimisha mtu asimame ajiulize maana yake. Wa uhalisia hueleweka mara moja, basi mtu hupita. Ukibaki, utaanza kuona maamuzi ya mchoraji: hapa ameongeza kivuli, pale ameacha kasoro makusudi, huku amekataa kabisa kuonyesha. Kwangu mimi, mchoro wa sura hupimwa kwa jambo moja, kama mchoraji amemwona mtu yule au ameona ngozi yake tu. Hatua zinazofuata ni za kukusaidia ulitambue hilo mwenyewe.

1. Pa kwenda, na saa ya kwenda

Maonyesho ya Mombasa huja na kuondoka. Leo ukuta umejaa, mwezi ujao uko mtupu, kwa hivyo uliza kabla ya kufunga safari. Anzia Mji wa Kale. Mahakama ya Zamani, jengo la 1902 lililo karibu na ngome ya Fort Jesus, iko chini ya Makumbusho ya Kitaifa na ukumbi wake hutumika kwa maonyesho. Alliance Française ya Mombasa huonyesha kazi za wasanii wa hapa, na Swahilipot Hub, karibu na ngome, ni mahali vijana wa sanaa hukutana. Kisha tembea Ndia Kuu polepole. Michoro huning'inizwa nje ya maduka, na mara nyingi aliyeichora ndiye aliyekaa kwenye kigoda pale ndani. Hoteli za Nyali na Diani nazo huwapa wachoraji kuta zao. Njia ya uhakika zaidi ni kumfuata mchoraji mwenyewe mtandaoni, maana yeye hutangaza kazi mpya kabla ukumbi haujaweka bango.

Ukiingia Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, usiharakishe kutafuta kazi za leo. Tafuta kwanza michoro ya ukutani iliyoachwa na Wareno wenyewe, ile yenye meli. Ni mistari tu, haina rangi nyingi wala mapambo, imechorwa na watu waliokuwa wakiishi kwa meli. Simama hapo dakika kadhaa ufuate mstari mmoja kwa jicho kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni mazoezi mazuri ya kulituliza jicho kabla ya kukutana na sura za watu.

Kwa saa, asubuhi ya saa tatu ni bora. Joto halijakaza, watalii wa makundi hawajafika, na mwanga unaoingia madirishani ni mpole. Ijumaa baada ya saa sita milango mingi ya Mji wa Kale hufungwa kwa sala, na mwezi wa Ramadhani saa za kufungua hubadilika. Beba kitambulisho, kwa kuwa kiingilio cha ngome kwa mwananchi si sawa na cha mgeni, na beba simu yenye chaji, kwa kuwa malipo hufanywa kwa njia ya kidijitali.

2. Simama mahali patatu

Weka simu mfukoni kwanza. Nalisema kwa mkazo kwa sababu simu huharibu jambo lenyewe unalotafuta: kamera huona uso mweusi na kujaribu kuuangaza, ikafuta vivuli ambavyo mchoraji amevihangaikia. Utapiga picha baadaye, ukiruhusiwa, bila taa.

Anza mbali, kama hatua nne. Hapo usitafute vitu vidogo. Angalia jicho lako limekimbilia wapi kwanza: ni mdomo, ni mkono, au ni ukuta wa nyuma? Hapo ndipo mchoraji alipotaka uingilie. Kama jicho lako linatangatanga na halipati pa kutua, aidha mchoraji ametaka iwe hivyo au ameshindwa kuamua, na utajua ni lipi ukisogea.

Songa hadi umbali wa mkono mmoja. Sasa uso unaanza kugawanyika kuwa maumbo: bonde la jicho, mgongo wa pua, kivuli cha chini ya kidevu.

Kisha weka mikono nyuma ya mgongo, usogeze uso hadi kama shibiri moja. Ni hapa ninapopapenda. Shavu lililokuwa laini ukiwa mbali linageuka kuwa alama za brashi, moja ya kahawia, moja ya zambarau, moja ya kijani ambayo hukuidhania kabisa. Kwenye kazi ya penseli utaona mamia ya mistari myembamba. Inama utazame mchoro kwa ubavu: penseli hung'aa kidogo kama risasi, mkaa haung'ai, rangi ya mafuta iliyopakwa vanishi hung'aa uso mzima. Hivi utajua umetazama nini hata kama kibandiko hakisemi.

Halafu rudi nyuma tena. Wengi huiruka sehemu hii, nayo ndiyo yenye faida. Ukishaona zile alama za kijani na zambarau kwa karibu, ukarudi ukaziona zimeungana kuwa shavu la mtu hai, utaelewa kazi iliyofanyika.

3. Soma uso

Anza na ngozi. Ngozi nyeusi haichorwi kwa rangi nyeusi. Mchoraji anayejua huchanganya kahawia za udongo na bluu na nyekundu, na vivuli vyake vina kina. Asiyejua huchukua rangi nyeusi kutoka kwenye tyubu akapaka penye kivuli, na uso unakuwa umekufa, umepakwa masizi. Angalia kipaji cha uso na mfupa wa shavu, pale jua linapopiga. Ngozi yetu hung'aa, na mtu akiwa nje mng'ao huo huchukua rangi ya anga, samawati hafifu. Sasa shuka chini ya kidevu. Katika vichochoro vya Mji wa Kale kuta za chokaa hurudisha mwanga kutoka pembeni na chini, kwa hivyo kivuli cha kidevu hakiwi giza tupu, huwa na manjano au wekundu ndani yake. Ukikuta mchoro wa mtu aliyekaa kwenye baraza ya Kibokoni na chini ya kidevu chake mna joto hilo, mchoraji aliyechora alikaa pale akaangalia.

Pili, fuata mwanga. Mombasa iko kama nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, na jua la mchana hutupiga utosini. Kwa hivyo mtu aliyesimama nje saa saba ana kivuli ndani ya mabonde ya macho na kingine chini ya pua. Ukiona kivuli cha mwili ni kifupi chini ya miguu lakini uso umeangazwa sawasawa kila upande, basi uso na mwili vimetoka sehemu mbili tofauti. Si kosa kubwa, lakini ujue.

Tatu, macho. Weupe wa jicho si mweupe. Ni kijivu, na ukope wa juu huangusha kivuli juu yake. Jicho lililopakwa nyeupe safi hutoka kichwani, linamfanya mtu aonekane ameshtuka. Halafu tafuta ile nukta ya mwanga ndani ya mboni, na uiangalie umbo lake. Nimewahi kuona mboni moja, pana kama punje ya mchele, ambayo ndani yake mchoraji alikuwa ameweka dirisha zima lenye nondo, na chini ya dirisha kitu cheupe ambacho baada ya kukodoa sana nilikitambua kuwa ni shati la mchoraji mwenyewe. Nukta ikiwa duara lenye tundu katikati, mtu huyo alipigwa picha mbele ya ile taa ya duara wanayotumia wanaorekodi video. Nukta ikiwa katikati kabisa ya mboni zote mbili, ni taa ya kamera.

Pua nayo husema. Mtu akipigwa picha kwa simu kutoka karibu, pua hukua na masikio hurudi nyuma. Mchoraji akiinakili picha ile bila kufikiri, ataibeba kasoro ya simu hadi kwenye turubai. Ukiona uso wenye pua kubwa na masikio madogo yaliyojificha, jiulize kama mtu huyo ndivyo alivyo au ndivyo simu ilivyomfanya.

Kingo usizisahau. Mahali shavu linapokutana na mandhari ya nyuma, mchoraji mzoefu huuacha ukingo mmoja mkali na mwingine laini, karibu upotee. Kingo zote zikiwa kali, mtu anaonekana amekatwa kwa makasi akabandikwa.

Mwisho wa hatua hii ni mikono. Kwa maoni yangu mikono ndiyo mtihani, kuliko hata macho. Kuna wachoraji wengi hodari wa nyuso ambao huificha mikono ndani ya leso au huikata chini ya fremu. Anayeichora anakupa habari nyingi: vidole vya mvuvi vilivyovimba kwenye viungo, kidole cha shahada cha mama anayeshona kofia kikiwa na ngozi ngumu pembeni, hina ya arusi iliyokwisha kutoka viganjani lakini bado imebaki kwenye kucha. Hiyo ya mwisho nikiiona hufurahi sana, kwa kuwa inaonyesha mchoraji hakuchora mwanamke mwenye hina tu, amechora juma la tatu baada ya arusi.

4. Soma nguo, ukuta na bahari

Hapa wewe uliyezaliwa au uliyekulia Pwani una ujuzi ambao mtazamaji wa mbali hana. Utumie bila kusita.

Chukua leso. Ina pindo, ina mji ulio katikati, ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Ikifungwa kiunoni au kutupwa begani, jina hukatika kwenye mikunjo: herufi mbili zinazama, tatu zinaibuka upande wa pili. Mchoro ukikuonyesha mwanamke ameketi, leso imekunjika magotini, na jina linasomeka lote moja kwa moja kama kwenye duka la Mtaa wa Biashara, mchoraji amebandika muundo juu ya mwili bila kuufuata. Lakini pengine amefanya makusudi, ametaka usome jina lile kwa sababu ndilo jibu la uso. Soma maneno, kisha mtazame mwanamke tena. Patrick Mukabi wa Nairobi, anayejulikana kwa michoro yake ya akina mama wa sokoni waliovaa leso, ni mfano mzuri wa jinsi nguo na mgongo pekee vinavyoweza kumbeba mtu mzima.

Kofia ya kushona kwa mkono ni mtihani mwingine. Vitundu vyake huzunguka kichwa, na vikifika pembeni hubanana. Vikiwa na nafasi sawa kutoka upande hadi upande, kichwa hicho ni bapa.

Kama nyuma ya mtu kuna jahazi, tazama tanga limejaa upande gani, kisha tafuta bendera. Upepo ni mmoja, hauwezi kujaza tanga kuelekea kusini na kupeperusha bendera kuelekea kaskazini. Tazama foromali, ule mti unaobeba tanga, imeegemea vipi kwenye mlingoti. Wazee wetu waliofanya kazi baharini huyaona haya kabla hata hawajamaliza kuvua viatu, na ukiweza kumchukua mmoja wao mwende pamoja kwenye maonyesho, mchukue. Ataona kuliko mhakiki yeyote.

Milango ya nakshi naipita haraka. Imechorwa sana, mara nyingi kwa ajili ya wageni, na mchoro ambao mlango umepewa saa nyingi kuliko uso wa mtu aliyekaa mbele yake hunisikitisha.

5. Uliza mchoro umetokana na nini

Sura nyingi unazoziona leo zimechorwa kutoka kwenye picha. Mchoraji huigawa picha kwa miraba, akagawa na karatasi kwa miraba hiyo hiyo iliyopanuliwa, kisha akahamisha mraba kwa mraba. Ni njia ya zamani na haina aibu yoyote. Swali ni amefanya nini baada ya kuhamisha.

Mombasa ina historia ndefu ya sura na kamera kukaa pamoja. Studio ya N. V. Parekh, iliyofanya kazi hapa tangu miaka ya 1940, ilipiga picha za arusi, za marafiki, za wanawake waliojipamba wakajiamulia wanavyotaka kuonekana. Miaka ya 1990 wapiga picha wa kivukoni Likoni walikuwa na vibanda vyenye mandhari zilizochorwa kwa mkono: meli, ndege, majumba. Mtu alisimama mbele ya meli ya rangi, akapigwa picha ya kweli. Kuna aliyezichora meli zile. Kwa hivyo ukimwona kijana leo anachora kutoka kwenye simu, ujue anaendeleza jambo la zamani la mji huu.

Nitaeleza kisa kimoja kwa sababu kinaonyesha hatua hii kuliko maelezo. Katika chumba kidogo Mji wa Kale palikuwa na mchoro wa mzee aliyevaa kanzu, jicho lake la kushoto limefumba kidogo, dogo kuliko la kulia. Nilimuuliza mchoraji, mtu mzima wa makamo.

"Asalaam aleikum, fundi. Huyu ni nani?"

"Waaleikum salaam, karibu. Huyu ni marehemu ami yangu. Alikuwa nahodha."

"Jicho hili la kushoto lilikuwa na ugonjwa?"

"Hata. Picha niliyokuwa nayo ni ile ya kitambulisho tu, na mule ametoa macho yote mawili. Nikamchora vile. Nyanya akaja akatazama, akaniambia, 'Huyu si mwanangu.' Nikakaa siku mbili nafikiri. Halafu nikakumbuka, ami kila akikuangalia alikuwa akikaza jicho hili, kwa jua la baharini. Nikalipunguza. Nyanya aliporudi hakusema neno, alivuta kiti akakaa mbele yake."

Sura ya kwanza ilifanana na picha. Ya pili ilifanana na mtu. Kila ukisimama mbele ya mchoro wa sura, tafuta jicho hilo lililokazwa: kitu kimoja ambacho kamera haikukitoa, kilichoongezwa na mtu aliyemjua mwenye uso. Wakati mwingine ni bega moja lililoshuka, wakati mwingine ni namna mtu anavyoshikilia kikombe cha kahawa kwa vidole vitatu. Usipokipata, mchoro unaweza kuwa na ufundi mkubwa na bado usiwe na mtu ndani.

6. Soma kibandiko na umtafute mwenye sura

Kibandiko kizuri hutaja jina la mchoraji, mwaka, vifaa na vipimo. Mimi hutafuta kitu cha tano: jina la aliyechorwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950 Joy Adamson aliwachora watu wa jamii nyingi za Kenya kwa kazi aliyopewa na serikali ya kikoloni, na baadhi ya kazi hizo ziko Makumbusho ya Nairobi. Zimechorwa kwa uangalifu mkubwa, lakini lengo lilikuwa kuhifadhi mavazi na mapambo ya makabila, na mtazamaji hujikuta ameangalia shanga kabla ya kumwangalia mtu. Mchoraji wa leo hana sababu ya kufanya vivyo hivyo. Kibandiko kikisema "Mzee wa Kimijikenda" au "Mwanamke wa Kiswahili", uliza: ni nani? Anaitwaje? Anajua kwamba yuko hapa ukutani? Uliza kwa upole, lakini uliza. Mchoraji aliyekaa na mtu wake hujibu kwa furaha na hukupa habari zake zote, ukoo hadi mtaa. Aliyeokota picha mtandaoni hujibu kwa ufupi.

7. Zungumza kwa adabu

Piga hodi hata kama mlango uko wazi. Msalimie mzee shikamoo kabla ya kutazama kazi yake, na usiulize bei kwanza. Akikukaribisha kahawa, kaa unywe. Mazungumzo mazuri kuhusu mchoro huanza kikombe cha pili.

Maswali yanayofungua mdomo wa mchoraji ni yale ya kazi. Ulianzia wapi, jicho au kichwa kizima? Sehemu gani ilikusumbua? Kuna ulichokiacha makusudi? Rangi hizi unazipata wapi? Swali hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini litakupa habari za gharama, za kuagiza kutoka Nairobi, za kuchanganya rangi chache zilizopo hadi zitoe ngozi ya kila mtu.

Kuna jambo la imani ambalo lazima ulijue. Katika nyumba nyingi za Waislamu hapa hawatundiki picha za viumbe, na kuna wachoraji wa Mji wa Kale ambao kwa sababu hiyo huchora majahazi, milango na vichochoro, au humchora mtu kwa nyuma. Usifanye jambo hilo kuwa mjadala, na usimuulize mchoraji kwa nini "hajamaliza" uso. Tazama kilichopo. Mwanamke wa buibui anayepanda ngazi, kapu mkono mmoja, mkono mwingine umeshika mtoto, anaweza kutambulika na jirani zake kwa mwendo tu. Hiyo nayo ni sura, na mara nyingine ni ngumu kuliko ile yenye macho na mdomo.

Usimpige picha mtu aliyekaa kuchorwa bila ruhusa yake yeye, si ya mchoraji peke yake.

8. Andika

Beba daftari dogo na penseli. Kabla hujaondoka, chagua mchoro mmoja tu, uandike mistari mitatu: jicho langu lilikwenda wapi kwanza, nimeona nini kwa karibu ambacho kwa mbali sikukiona, na nimebaki na swali gani. Kisha jaribu kuuchora uso ule kwa dakika tano. Hautatoka vizuri na si lazima utoke. Mkono ukijaribu kuufuata mgongo wa pua, jicho hulazimika kuutazama kweli.

9. Ukitaka kununua au kuagiza

Ukiagiza sura ya mtu wako, hasa marehemu, mpe mchoraji picha nyingi za umri tofauti, zisizosafishwa kwa programu za urembo, na umsimulie mtu mwenyewe: alikuwa akikaa vipi, akicheka vipi. Omba kuja kuiona kazi ikiwa katikati, na uje na mtu wa familia aliyemjua. Kubalianeni mapema bei, malipo ya kwanza, vifaa, ukubwa na tarehe, na uweke ujumbe wa M-Pesa kama risiti. Usimpunguzie bei kama unayenunua nyanya Kongowea. Mwambie uwezo wako, naye atakuambia kama kuna kazi ndogo zaidi, au ya mkaa badala ya mafuta.

Uliza rangi ni gani. Akriliki hukauka kwa dakika, unaweza kuondoka nayo. Rangi ya mafuta hukauka juu kwa siku kadhaa lakini ndani huchukua miezi, na vanishi hupakwa baadaye, kwa hivyo panga na mchoraji lini utaurudisha. Kazi ya mkaa au penseli iwekwe nyuma ya kioo, na kioo kisiguse karatasi. Fundi wa fremu aache nafasi kwa kuzungushia kadi nene pembeni.

Pwani adui ni unyevu na chumvi. Usitundike mchoro kwenye ukuta wa nje unaonyonya maji ya mvua za masika, wala mbele ya dirisha linalopokea upepo wa bahari, wala mahali jua linapoufikia moja kwa moja. Bandika vipande vidogo vya mbao kwenye pembe za nyuma za fremu ili hewa ipite kati yake na ukuta, na kila baada ya miezi michache ushushe uangalie kama ukungu umeanza nyuma. Ukilazimika kusafiri na turubai iliyovingirishwa, ivingirishe upande wa rangi ukiwa nje, kwenye bomba nene, na uitandaze mara ufikapo.

Na kabla mchoro haujatoka mikononi mwa mchoraji, mpe penseli aandike nyuma, kwenye ubao wa fremu: jina lake, jina la aliyechorwa, mtaa na mwaka.